Leaf ya Japani, LUKU ya fezi moja: niweke chaja gani nyumbani?

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Nimeagiza Nissan Leaf ya mwaka 2018, betri ya kilowati-saa 40, kutoka Japani, na sasa iko njiani kuja bandari ya Dar es Salaam. Naishi Tegeta. Nyumba ina LUKU ya fezi moja, viyoyozi viwili, hita ya maji na pampu ya kisima. Kwa siku natembea kama kilomita 50. Muuza vifaa ananiambia ninunue chaja ya ukutani ya kilowati 7 na nikaombe umeme wa fezi tatu. Fundi wa mtaani anasema hizo ni hela za bure: atakata plagi ya Kijapani kwenye kebo itakayokuja na gari, aweke plagi ya kawaida ya pini tatu, nichomeke ukutani nilale. Nimfuate nani?

Jibu: Ndugu yangu, usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Wa kwanza anakuuzia nguvu ambayo huenda gari lako haliwezi kuipokea. Wa pili anakuwekea kitu kitakachochemka usiku ukiwa umelala. Iko njia ya tatu, ina gharama ndogo kuliko ya muuza vifaa na usalama mkubwa kuliko ya fundi, lakini kabla hujalipia hata mita moja ya waya inabidi ulijue gari lenyewe.

Gari linapokea kiasi gani

Kile kisanduku cha ukutani ambacho watu wanakiita chaja, kwa kweli si chaja. Chaja iko ndani ya gari, na ndiyo inayogeuza umeme wa AC wa nyumbani kuwa DC wa kuingia kwenye betri. Kazi ya kisanduku ni kuhakikisha mambo yamekaa sawa kabla ya kuruhusu umeme upite, kisha kuliarifu gari kupitia waya mwembamba wa mawasiliano kwamba njia hii mwisho wake ni ampia kadhaa. Gari halitavuta zaidi ya kiwango hicho. Lakini pia halitavuta zaidi ya uwezo wa chaja yake ya ndani, hata ukilifunga kwenye kisanduku cha kilowati 22.

Hapa ndipo muuza vifaa alipokuacha gizani, na pengine hata yeye hajui. Leaf ya kilowati-saa 40 iliyouzwa Japani ilikuwa na chaja ya ndani ya kilowati 3. Ile ya kilowati 6 ilikuwa nyongeza ambayo mnunuzi aliichagua na kuilipia. Nyingi za Ulaya zilitoka na kilowati 6.6, ndiyo maana ukitazama video za Waingereza unaona chaja za kilowati 7 zikisifiwa. Gari lao na lako yanafanana kwa sura tu. Kama Leaf yako ni ya kilowati 3, kisanduku cha kilowati 7 kitalichaji kwa mwendo uleule wa kisanduku cha ampia 13. Utakuwa umelipia namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Habari ya fezi tatu tuimalize haraka. Tundu la AC la Leaf ya Japani ni la Type 1: lina pini tano tu, mbili za umeme, moja ya ardhi, na mbili ndogo za mawasiliano. Fezi ya pili na ya tatu hazina pa kuingilia. Ukiweka fezi tatu leo, gari litatumia moja na kuziacha mbili zikisubiri matumizi mengine. Kama una mpango wa kufunga mashine ya kusaga au viyoyozi sita, hiyo ni sababu nyingine kabisa. Kwa ajili ya gari hili, hapana. Na lile tundu kubwa jirani yake kwenye pua ya gari ni la CHAdeMO, la kuchajia haraka kwa DC kwenye vituo. Nyumbani liache lilivyo.

Utajuaje una kilowati 3 au 6? Kabla hujanunua kisanduku, tafuta mahali penye chaja ya AC ya ampia 32, betri ikiwa chini ya nusu, chaji kwa dakika kumi. Visanduku vingi vinaonyesha nguvu inayopita. Kama hakionyeshi, fundi apime kwa mita ya kubana waya, akibana waya wa fezi peke yake, kwa sababu akibana kebo nzima mita itasoma sifuri. Ampia 13 hadi 15 maana yake kilowati 3. Ampia 26 hadi 28, una ile ya kilowati 6. Kuna pia programu ya simu inayoitwa Leaf Spy, inayosoma gari kupitia kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Itakuonyesha nguvu ya kuchaji, na pia afya ya betri iliyobaki, jambo ambalo kila anayeagiza Leaf iliyotumika anapaswa kulitazama siku ya kwanza.

Kilomita 50 zinataka umeme kiasi gani

Leaf ya 40 kwenye foleni za Dar, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hutembea kama kilomita 6 kwa kila kilowati-saa. Kilomita 50 ni kilowati-saa 8 na kidogo kutoka kwenye betri. Wakati wa kuchaji, sehemu ya umeme hupotea kama joto kwenye nyaya na kwenye chaja ya ndani, asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo LUKU itahesabu kama uniti 9.5 kwa siku.

Sasa gawanya. Kwa ampia 10, yaani kilowati 2.3, unamaliza kwa saa nne na robo hivi. Kwa ampia 13, kilowati 3, ni saa tatu na dakika kumi. Kwa kilowati 6, saa moja na nusu. Gari linalala nyumbani saa tisa au kumi. Tofauti kati ya kumaliza saa nane usiku na kumaliza saa tisa na nusu haina maana yoyote kwako. Wewe unalihitaji saa kumi na mbili asubuhi. Hata siku ile moja ya mwezi utakayorudi na betri karibu tupu, ampia 13 zitakujazia zaidi ya nusu ya betri hadi asubuhi, na hizo ni zaidi ya kilomita 100.

Ukichukua siku 26 za kazi, gari litakula uniti karibu 250 kwa mwezi. Gawa fedha uliyolipa kwenye risiti yako ya mwisho ya LUKU kwa uniti ulizopata, uzidishe kwa 250, ndiyo bajeti yako. Kama nyumba yako bado ipo kwenye tarifa ya D1, ile ya matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, jua kwamba gari litakutoa humo. Fanya hesabu kwa bei ya T1, tarifa ya matumizi ya kawaida, tangu mwanzo usije ukashtuka. Kwa ndugu zetu wa Kenya, huko EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati, ilitenga tarifa maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme mwaka 2023, yenye bei ya chini usiku. Inafaa kuuliza kabla ya kuunganisha. Mengine yote ninayoeleza hapa kuhusu plagi na nyaya yanawahusu pia, kwa sababu wanatumia plagi ileile ya pini tatu bapa.

Ile kebo ya Kijapani na plagi ya pini tatu

Sasa tuje kwa fundi wa mtaani, maana hatari kubwa iko huku. Kebo inayokuja na Leaf imetengenezwa kwa umeme wa Japani wa volti 200, na katika mfumo wa Japani hizo 200 zinapatikana kati ya nyaya mbili ambazo kila moja ina volti 100 tu kwenda ardhini. Hapa kwetu fezi ina volti 230 kwenda ardhini, na saa za usiku wa manane inaweza kupanda zaidi ya hapo. Vifaa vya ndani ya kisanduku hicho havikuchaguliwa kwa hali hiyo. Wapo watu ambao zimewafanyia kazi kwa miezi. Kufanya kazi si sawa na kuwa salama, hasa kwa kifaa ambacho kazi yake ni kukulinda.

Tatizo la pili ni kiwango. Kebo hiyo ya volti 200 inaliruhusu gari kuvuta hadi ampia 15 mfululizo. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni 13, na hata hizo 13 hazikukusudiwa kwa saa sita bila kupumzika. Pasi na birika zinavuta sana, lakini birika linazima baada ya dakika nne na pasi inakata na kurudi. Gari halipumziki. Kebo za kuchajia zinazouzwa Uingereza, ilikotoka plagi hiyo, kwa kawaida zimefungwa zisizidi ampia 10 kwa sababu hiyohiyo.

Kinachoharibika kinaanzia mahali padogo sana. Ndani ya plagi kuna vibanio viwili vya shaba vinavyoishika fyuzi. Joto la kila usiku linavifanya vilegee, mguso unapungua, mguso uliopungua unazaa joto zaidi, na mzunguko huo haurudi nyuma. Utaona kwanza rangi ya kahawia kuzunguka pini ya fezi, kisha uso wa soketi unapauka na kupinda. Plastiki ya soketi ikianza kuungua hutoa harufu kama ya samaki aliyechacha. Watu wengi hutafuta samaki jikoni kumbe ni soketi ya varandani. Breka haitaruka hata kidogo, kwa kuwa umeme haujazidi. Kilichozidi ni joto, na breka ya kwenye meni swichi haioni joto la soketi.

Kwa hiyo hiyo kebo iweke pembeni. Na kama kwa wiki za mwanzo huna budi kutumia soketi ya kawaida, nunua kebo ya Type 1 ya volti 230 yenye kiwango kinachobadilishwa, iweke kwenye ampia 8, tumia soketi nzuri ambayo haina mwenzake anayetumika kwenye waya huohuo, na usipitishe kwenye ekstensheni. Baada ya nusu saa chomoa, gusa pini. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuzishika, acha.

Ninachokushauri ufunge

Kama gari ni la kilowati 3: kebo ya kubebeka yenye kisanduku, Type 1 upande wa gari, ampia 6 hadi 16 zinazobadilishwa kwa kitufe, na upande wa ukutani iwe na plagi ya bluu ya viwandani ya ampia 16, ile ya duara yenye pini tatu nene. Soketi yake ya bluu ifungwe kwenye maegesho, kwenye waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, na breka ya ampia 16. Kisanduku ukiweke kwenye 13. Hapo unapata kilowati 3, karibu yote ambayo gari linaweza kupokea, na breka ya 16 haitakusumbua hata siku za joto. Ukikiweka kwenye 16 kwa breka ya 16, na boksi la breka liko ukutani kunakopigwa na jua la mchana, breka itaanza kuruka bila kosa, kwa sababu inakata kwa joto na joto la nje linajumlishwa.

Kama kipimo kimeonyesha kilowati 6, basi kisanduku cha ukutani cha ampia 32 kina maana, na hapo chagua chenye soketi ya Type 2 (umbo la plagi la magari ya Ulaya) isiyo na kebo iliyofungwa moja kwa moja, kisha nunua kebo ya Type 2 kwenda Type 1. Gari lako lijalo huenda likawa la Type 2, na utabadilisha kebo tu. Angalizo kwa wanaofikiria magari ya kutoka China: tundu la AC la kiwango cha China, GB/T, linafanana sana na Type 2 kwa umbo, lakini pini na matundu vimebadilishana upande na mawasiliano yake ni tofauti. Haviingiliani. Uliza kabla ya kulipa.

Kwa hali zote mbili, waya wa ndani ya ukuta ndio ninaokusihi usibane matumizi. Kisanduku unakibadilisha kwa nusu saa. Waya uliochimbiwa unakulazimu kubomoa plasta. Toa milimita mraba 10 ya shaba tangu sasa hata kama leo unatumia ampia 13. Fundi atakwambia milimita 6 inabeba ampia 41. Ni kweli, ikiwa ndani ya bomba la plastiki na joto la mazingira ni nyuzi 30. Kwenye dari ya bati au ukuta wa jua hapa Dar, hesabu nyuzi 40; hapo unazidisha kwa 0.87 na zile 41 zinakuwa chini ya 36. Kisanduku cha ampia 32 kwa kawaida kinafungwa na breka ya 40. Breka ya 40 kwenye waya wa 36 maana yake waya ndio unaomlinda breka, na mambo hayaendi hivyo. Milimita 10 inaanzia 57 na baada ya punguzo la joto inabaki karibu 50. Faida nyingine ni volti: kwa mita 20 na ampia 32, milimita 10 inapoteza volti 3 tu.

Soketi ya bluu ya ampia 16 ina nafasi ndogo za skrubu, mara nyingi haziingizi waya wa milimita 10, na mafundi wakibanwa hapo hukata baadhi ya nyuzi za waya ili uingie. Usikubali. Fundi afunge swichi ya kutenganisha umeme karibu na maegesho, milimita 10 iishie hapo, kisha kipande kifupi cha milimita 4 kiende kwenye soketi. Siku ukihamia kisanduku cha ampia 32, unatoa kipande hicho na kubadilisha breka.

Kuwa macho na waya bandia. Kuna unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, rudisha dukani. Waya huo unabeba umeme mdogo zaidi, na kwenye skrubu unalegea mapema.

Mahali pa kufunga: tundu la Leaf liko puani, kwa hiyo soketi iwe kwenye ukuta ambao gari linauelekea likiingia, kimo cha kiunoni au juu kidogo, kivulini, na kebo ya mita 5 itatosha. Upepo wa bahari Tegeta una chumvi. Chukua vifaa vya IP65, yaani visivyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, na kila tundu la kuingizia waya lizibwe kwa kifungo chake cha mpira. Mijusi na sisimizi wakiingia ndani ya boksi la umeme wanakatisha mambo kuliko mvua.

RCD, na kwa nini ile uliyonayo huenda isifae

RCD ni kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini au kupitia mwili wa mtu. Nyumba nyingi zina RCD moja kwenye meni swichi inayolinda kila kitu, na nyingi kati ya hizo ni za aina ya AC. Tazama alama iliyochorwa usoni: wimbi moja peke yake ni aina ya AC, wimbi lenye mapigo ya nusu-wimbi chini yake ni aina ya A. Gari la umeme likipata hitilafu linaweza kuvujisha umeme wa DC. DC hiyo inaushibisha usumaku ulio ndani ya RCD ya aina ya AC na kuipofusha, kiasi kwamba mtoto akishika waya wenye hitilafu jikoni, RCD haitaruka. Hatari ya gari inakuwa hatari ya nyumba nzima.

Kwa hiyo njia ya gari ipate RCD yake, miliampia 30, aina ya A, na kisanduku ulichonunua kiwe na ulinzi wa DC wa miliampia 6 ndani yake. Ipo kwenye karatasi ya maelezo ya kisanduku, isome kabla ya kulipa. Kama kisanduku hakina ulinzi huo, inabidi RCD iwe ya aina ya B, na bei yake ni kubwa mno. Mara nyingi ni rahisi kubadilisha kisanduku. Jambo ambalo mafundi wengi wanalisahau: RCD hiyo mpya isifungwe nyuma ya RCD ya zamani. Njia igawanywe kabla ya RCD ya nyumba, vinginevyo DC itaendelea kupita kwenye ile ya zamani na kuipofusha vilevile. Pia, gari likirusha RCD yake saa tisa usiku, friji yako inaendelea kufanya kazi.

Waya wa ardhi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo chaji nyingi za nyumbani zinapokwama. Kisanduku kikikataa kuchaji na kuwasha taa nyekundu siku ya kwanza, mara nyingi kosa halipo kwenye gari wala kwenye kisanduku. Hakuna waya wa ardhi wa maana. Kuna nyumba ambazo fimbo ya ardhi ilipigwa nusu tu kisha ikakatwa, nyingine waya wake ulishaliwa na kutu kwenye kibanio, na nyingine haikuwahi kuwepo kabisa.

Udongo wa pwani una mchanga mwingi, na kiangazi unakauka. Fimbo moja ya mita 1.2 ambayo masika inasoma vizuri, Septemba inaweza kusoma mara kadhaa ya hapo. Mwambie fundi aje na kipimo cha ardhi na akuandikie namba kwa omu. Lenga chini ya 100. Ikizidi, aongeze fimbo ya pili, ikiwezekana ya tatu, kila moja mbali na mwenzake kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, ziunganishwe kwa waya wa shaba. Fimbo zikikaribiana zinagombania udongo uleule na hupati faida. Mahali pazuri ni penye unyevu wa kudumu, kama karibu na bomba la maji ya kiyoyozi. Kumwaga chumvi kwenye shimo kunashusha namba siku ya kupima, halafu mvua inaiosha na iliyobaki inaila fimbo.

Na fundi akikushauri aunganishe nyutro na ardhi ndani ya soketi ili "kukidanganya" kisanduku kikubali kuchaji, mlipe nauli yake aende. Siku nyutro ikikatika, bodi zima la gari litakuwa na umeme, na mtu wa kwanza kushika mlango akiwa peku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayejua.

Umeme unaopanda, kushuka na kurudi

Nyutro ikikatika barabarani kwenye laini ya fezi tatu, nyumba ya fezi moja inaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Televisheni zinaungua mtaa mzima, na chaja ya ndani ya gari ni ghali kuliko televisheni. Funga kwenye njia ya gari kifaa cha kukata umeme ukizidi au kupungua, cha kwenye reli ya meni swichi, ampia 40 au 63. Kiweke kikate chini ya 190 na juu ya 255, na kirudishe baada ya dakika tatu hadi tano. Kuchelewa huko ndiko kunakokuepusha na misukosuko ya umeme unaporudi baada ya kukatika. Kilinda friji cha kuchomeka ukutani hakifai kazi hii. Ndani yake mna plagi ileile ya ampia 13 niliyokueleza. Ongeza kizuia radi cha aina ya 2 kwenye meni swichi ikiwa nguzo yako inaleta umeme kwa waya wa juu.

Jaribu pia jambo hili siku ya kwanza: weka kisanduku kwenye 13, zima breka, subiri dakika moja, washa. Visanduku vingine vya kubebeka vinasahau na kurudi kwenye 16. Kama chako ni hivyo, bora ukijue sasa kuliko usiku wa mgao.

Je, LUKU yako itabeba?

Soma namba kwenye breka iliyo karibu na mita. Tuseme ni 60. Viyoyozi viwili vikiwa vimewaka ni kama ampia 12, hita ya kilowati 3 ni 13, pampu 6, friji na vingine 5: jumla 36. Ukiongeza gari kwa ampia 13 unafika 49, unabaki salama. Ukiongeza gari la kilowati 6 kwa ampia 27 unafika 63, umeshavuka 60, na siku yote yanapokutana nyumba inaweza kuzimika. Huo ni ushahidi mwingine kwamba kisanduku cha kilowati 7 kingeweza kukulazimu kuomba kuongezewa uwezo na TANESCO kabla hujafaidi chochote. Kama breka yako ni ya 40, hata ampia 13 zinahitaji mpangilio: chaji kuanzia saa tano usiku, hita ikiwa imezimwa.

Kuchaji usiku wa manane kuna faida ya pili kwa Leaf. Betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji, inategemea hewa tu, na joto ndilo linaloizeesha. Ukifika nyumbani saa moja jioni umetoka foleni na lami ya moto, iache ipoe saa chache ndipo uanze. Tumia saa ya kuchaji iliyo kwenye gari, lakini kwanza rekebisha saa ya gari yenyewe. Likitoka Japani liko saa sita mbele yetu na litaanza kuchaji wakati usioutaka. Kwa kilomita 50 za siku huna haja ya kulijaza hadi asilimia 100 kila usiku. Kati ya 30 na 80 inakutosha, na ukijaza kabisa iwe ni asubuhi ya safari.

Jenereta ndogo zinakataa kuchaji kwa sababu nyutro yake haijaunganishwa na ardhi. Kisanduku kinaona hakuna ardhi. Usipoteze mafuta kujaribu. Sola inawezekana, lakini uniti 9.5 kwa siku zinataka paneli za karibu kilowati 2.5 kwa jua la Dar, na gari liwe nyumbani mchana. Gari likishinda mjini, utahitaji betri nyingine nyumbani ya kuhifadhia, na hapo hesabu inaharibika.

Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla hujamlipa sehemu ya mwisho akuonyeshe mambo manne: namba ya omu za ardhi, kipimo cha mega (cha kuona kama waya unavuja umeme) cha volti 500 kwenye waya mpya kikisoma zaidi ya megaomu 1 (kisanduku kikiwa kimechomolewa, la sivyo kitaungua), RCD ikiruka kwa kitufe cha T na kwa kipimo, na volti kwenye soketi gari likiwa linachaji. Ikishuka zaidi ya volti 7 kutoka ilivyokuwa bila mzigo, pima pia kwenye meni swichi. Kama na pale imeshuka vilevile, tatizo ni laini ya nje. Kama pale haijashuka, kuna skrubu imelegea katikati. Baada ya mwezi mmoja mwite tena akaze skrubu zote za njia hiyo, breka, swichi na soketi. Shaba inajilaza baada ya kupata joto na kupoa mara nyingi, na skrubu iliyokuwa imekaza siku ya kwanza utaikuta inazunguka robo.